Kabla ya Kushika Tezo: Mahali pa Kupata Picha na Violezo vya Kuchonga Wanyama



Vikundi vya vijana na vya wazee hapa Moiben vinatuuliza swali moja tena na tena: "Tunataka kuchonga wanyama wa mbao tuuze, lakini tutatoa wapi picha za kufuata?" Ni swali zuri. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya tezo na patasi. Anayeuliza kielelezo kwanza ameanzia mahali panapofaa, kwa maana chombo kikali mkononi mwa mtu asiyejua anachochonga huharibu mti tu.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: msichonge kinyago mkitazama kinyago cha mtu mwingine. Mtazameni mnyama mwenyewe, au picha yake nzuri, halafu mtengeneze kiolezo chenu wenyewe. Na kwa sisi watu wa Moiben, mnyama wa kuanza naye yuko bomani.

NAKALA YA NAKALA

Hebu fikirieni. Fundi wa kwanza anamwona twiga, anamchonga. Wa pili anachonga akitazama kazi ya wa kwanza. Wa tatu anatazama kazi ya wa pili. Kila mmoja anaongeza kosa lake kidogo. Shingo inanyooka kama mwiko, miguu inakuwa vijiti, masikio yanahama mahali pake. Mwishowe mnunuzi anapita sokoni, anakuta meza ishirini zenye twiga yule yule, na basi, hana la kuuliza ila bei. Mahali ambapo vitu vyote vinafanana, anayeuza ni yule aliyeshusha bei kuliko wenzake. Hapo jasho la fundi linakwenda bure.

Kazi ya kuchonga vinyago vya kuuza hapa nchini imekuzwa sana na Wakamba wa Wamunyu, Machakos. Husimuliwa habari za Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Huko aliona kazi ya wachongaji, akarudi nyumbani na ujuzi huo, na wenzake wakajifunza kwake. Kutoka Wamunyu kazi ilienea mpaka Nairobi na Mombasa, na vyama vya ushirika vikaundwa, kama kile cha Changamwe.

Tunataja historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba kuchonga si damu ya kabila moja. Mtu huona, hujifunza, hufundisha wenzake. Pili, Wakamba wameshika soko la simba, twiga na ndovu kwa zaidi ya miaka 70. Kikundi kipya cha Moiben hakitawashinda kwa kuwaiga. Kitapata nafasi yake kikileta kitu ambacho meza zile hazina.

JE, MKRISTO ACHONGE SANAMU?

Wazee wengine wa kanisa wana wasiwasi, na si vizuri kuwapuuza. Wanakumbuka ile amri katika Kutoka 20 inayokataza sanamu ya kuchonga. Lakini tukisoma yote pamoja tunaona kinachokatazwa ni kuisujudia na kuitumikia. Katika hekalu la Sulemani, ile bahari ya shaba ilikaa juu ya ng'ombe 12, watatu wakitazama kila upande (1 Wafalme 7:25). Makerubi wawili walitengenezwa kwa mti wa mzeituni (1 Wafalme 6:23). Naye Bezaleli, katika Kutoka 31, alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi za ufundi, na kuchonga miti ni mojawapo.

Tena tunaona jambo lingine linalohusu somo letu. Musa hakuambiwa ajenge kwa kubahatisha. Alionyeshwa mfano kule mlimani, akaagizwa aufuate (Kutoka 25:40). Kufanya kazi kwa kielelezo si aibu wala si uvivu. Ndiyo njia ya fundi mwangalifu.

KITU GANI KITATUTOFAUTISHA NA WENGINE?

Ushauri wetu ni kikundi kianze na wanyama wa hori la Krismasi: ng'ombe, punda, kondoo, na mbuzi kama mnataka. Injili ya Luka inataja hori na wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao. Desturi ya kuonyesha hori lenye wanyama imejulikana sana tangu Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipofanya hivyo kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223. Leo makanisa, shule na familia katika nchi nyingi huweka hori kila Desemba, na wageni hupenda kununua seti iliyochongwa na watu wa mahali.

Faida yake ni kwamba hao wote tunaishi nao. Mtu wa hapa hahitaji kuambiwa mbuzi husimamisha mkia na kondoo huuteremsha. Anajua ng'ombe akiamka huinua matako kwanza, na kwamba ng'ombe wa kienyeji ana nundu begani lakini wa gredi hana. Amemwona punda mwenye mstari mweusi mgongoni na mwingine unaoukata mabegani kama msalaba. Mambo haya tunayaona madogo kwa sababu tumeyazoea, kumbe ndiyo yanayomfanya mnunuzi aseme, "Huyu aliyechonga anamjua mnyama."

MAHALI PA KUPATA VIELELEZO

1. Bomani na kwenye josho. Hapa ni bure. Mpimeni ng'ombe aliyetulia kwa kamba: urefu wake kutoka chini hadi begani, urefu wa mwili kutoka kifuani hadi matakoni, urefu wa kichwa, kina cha kifua. Andikeni kwenye daftari la kikundi. Siku ya josho, ng'ombe wanapopita kwenye ile njia nyembamba, mtu aliyepanda juu ya ua anauona mgongo kutoka juu. Umbo hilo picha nyingi hazionyeshi, na mchongaji analihitaji sana.

2. Kwa mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Muulizeni kama ana kitabu cha madume, kwa mfano cha kituo cha Kabete. Picha za vitabu hivyo hupigwa ubavuni, mnyama amesimama sawasawa, na miguu yote minne inaonekana. Kwa mchongaji, picha kama hiyo ina thamani kuliko picha kumi za kupendeza. Hata kalenda za maduka ya dawa na chakula cha mifugo huwa na picha za namna hiyo. Mwaka ukiisha msizichome.

3. Maonyesho ya kilimo, Eldoret. Mifugo huletwa ikiwa imeoshwa na imefundishwa kusimama. Tumeni watu wawili, mmoja apige picha na mwingine aandike.

4. Kwa mchinjaji. Msishangae. Ombeni mguu mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, na fuvu. Ukishika mifupa unaelewa viungo vinakunjika wapi. Makosa mengi ya vinyago yako kwenye mguu wa nyuma. Kile kifundo kinachoelekea nyuma, ambacho wengi hudhani ni goti, kwa kweli ni kama kisigino chetu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.

5. Mfukoni. Sarafu za Kenya zilizotolewa kuanzia mwaka 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye shilingi 5, simba kwenye shilingi 10, na ndovu kwenye shilingi 20. Ni ndogo mno kupimia, lakini zinafundisha jinsi msanii anavyochagua mistari michache na mnyama akatambulika mara moja.

6. Makumbusho na mbuga. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yana wanyama na ndege waliokaushwa. Mnyama wa namna hiyo hatembei, kwa hivyo kijana anaweza kukaa naye saa nzima akichora. Si mbali na Kitale iko Mbuga ya Taifa ya Saiwa Swamp, ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini, ambayo wageni hutembea kwa miguu. Ndani yake yuko nzohe, swala wa kwenye matete, ambaye si kawaida kumwona kwenye meza za vinyago. Mkisafiri hadi Nairobi, makumbusho ya taifa yana sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta na kufa mwaka 1974. Ulizeni kiingilio kabla ya kukodi matatu.

7. Simu. Siku hizi karibu kila kikundi kina mtu mwenye simu ya kamera. Inaweza kutafuta picha za wanyama, lakini kazi yake kubwa ni kupiga picha zenu wenyewe. Msisimame karibu sana, maana kichwa kitaonekana kikubwa na miguu ya nyuma midogo. Rudini nyuma kama hatua kumi, mchuchumae hadi simu iwe sawa na kifua cha mnyama. Pigeni ubavuni, mbele, na nyuma. Picha moja ya ubavuni peke yake itawapa mnyama bapa kama chapati.

WANAOTAKA WANYAMA WA PORI

Hatukatazi. Tunasema tu, jifunzeni tofauti. Twiga si mmoja. Twiga wa Rothschild, aliyekuwa akiishi sehemu zetu za Uasin Gishu, hana madoa chini ya magoti. Ni kama amevaa soksi nyeupe. Mwaka 1974 twiga wachanga wa aina hii walichukuliwa kutoka Soy wakapelekwa Lang'ata, Nairobi, ili wasiangamie, na kutokana na kazi hiyo kikaanzishwa kile kituo cha twiga ambacho watalii wengi hutembelea. Twiga wa Kimaasai ana madoa yenye ncha ncha kama majani, nayo hushuka hadi chini. Kikundi cha Moiben kikichonga twiga mwenye soksi, na kikaandika habari hiyo kwenye karatasi ndogo ya kufunga shingoni, kimeuza twiga pamoja na historia ya mahali.

Kwa ndovu kuna kipimo cha kusaidia: mzunguko wa unyayo wa mguu wa mbele, ukizidishwa mara mbili, hukaribia urefu wake hadi begani. Mkitazama picha, angalieni pia kama ni ndovu wa Afrika au wa Asia. Wa kwetu ana masikio makubwa na mgongo uliobonyea katikati. Wa Asia ana masikio madogo na mgongo uliopanda juu. Kwa faru, mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka na mweupe ana mdomo mpana. Mkichanganya hao, mgeni anayewajua ataona mara moja.

KUTENGENEZA KIOLEZO

Kiolezo ni kile mafundi wa nguo hukiita patani. Vifaa ni katoni ngumu, penseli, rula, na kisu.

Kwanza, chagueni kipimo kimoja kwa seti nzima. Tuseme moja kwa kumi. Ng'ombe wa sentimita 130 begani atakuwa kinyago cha sentimita 13. Punda wa 110 atakuwa 11. Kondoo wa 65 atakuwa 6 na nusu. Mchungaji wa sentimita 170 atakuwa 17. Hapa ndipo seti nyingi huharibika. Kila mwanachama huchonga kwa kipimo chake nyumbani, halafu siku ya kukusanya kazi kondoo analingana na ng'ombe, na hakuna anayenunua.

Pili, hamisheni picha kwenye katoni. Chukueni picha ya ubavuni, muichore mistari ya miraba ya sentimita 1. Kwenye katoni choreni miraba ya sentimita 2, kama mnataka mchoro uwe mkubwa mara mbili. Kisha nakilini mraba mmoja baada ya mwingine. Hata mtu asiyejua kuchora anaweza. Mkiwa na pesa kidogo, duka la fotokopi mjini linaweza kukuza picha: kutoka karatasi ya A4 hadi A3 ni asilimia 141. Mkimaliza, linganisheni urefu wa mchoro na kipimo mlichochagua.

Tatu, kateni katoni tatu kwa kila mnyama: ya ubavuni, ya mbele, na ya juu. Zote tatu zikubaliane. Kama urefu wa mwili ubavuni ni sentimita 15, na ule wa juu uwe 15.

Nne, andikeni juu ya kila katoni jina la mnyama, kipimo, na mshale wa kuonyesha nyuzi za mti zielekee wapi. Katibu azitunze pamoja na daftari. Violezo ni mali ya kikundi kama ilivyo mashine ya kushona. Mwanachama akihama, kazi isihame naye.

KUTOKA KATONI HADI MTI

Mnyama aliyesimama achongwe nyuzi za mti zikipanda kufuata miguu. Nyuzi zikilala, miguu itavunjika hata kabla ya kufika sokoni. Kama mti wenu hauruhusu, chongeni mnyama aliyelala chini. Ng'ombe aliyelala kando ya hori anapendeza sana, na ni rahisi kwa anayeanza.

Weka kiolezo cha ubavuni juu ya ubao, chora, kata kwa msumeno. Ndipo uchore umbo la juu na la mbele kwenye kile kipande kilichobaki. Usitoboe nafasi kati ya miguu mapema. Iache hadi mwisho, maana ndiyo inayoshikilia kazi unapopiga tezo. Baada ya tezo fuata patasi na kisu, kisha tupa, na mwisho msasa.

Mti upi? Mpingo na muhugu zimekatwa kupita kiasi huko zinakoota, na tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi iko chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa. Mzeituni wetu wa kienyeji ni mgumu na una rangi nzuri, lakini unakua polepole sana. Msikate uliosimama, tumieni vipande vya uliokufa au ulioanguka shambani, na kwa miti ya msitu wa serikali ni lazima kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Kwa kuanza tunapendekeza jakaranda na grevilea. Hupandwa, hukua haraka, na jakaranda huchongeka kwa urahisi. Mkaratusi hupasuka sana, na saiprasi ina vifundo vingi.

Gogo likikatwa, pakeni ncha zake mbili nta au rangi nzito ili lisikauke kwa haraka na kupasuka. Lipasueni katikati kufuata kiini, mliweke kivulini, mbali na upepo. Na kwa kila mti mnaoukata, pandeni kadhaa. Watoto wetu nao watataka kuchonga.

HAKI YA MWENYE PICHA

Picha ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mpiga picha na ya mchoraji kama inavyomlinda mtunga nyimbo. Kutazama picha nyingi ili kujifunza umbo la punda hakumdhuru mtu. Kuchukua mchoro wa fundi mwingine na kuuza kama wenu, hapana. Hii ni sababu nyingine ya kupiga picha zenu na kupima mifugo yenu. Punda wa jirani hana wakili, lakini hata hivyo mwombeni jirani ruhusa.

KALENDA YA KAZI

Wanaotaka kuuza hori la Krismasi wasianze Novemba. Watu wetu wako mashambani wakati wa kupanda na tena wakati wa kuvuna mahindi na ngano. Kwa hivyo pimeni na mtengeneze violezo miezi ya Januari na Februari. Kateni na mkaushe mti mapema. Chongeni kati ya palizi na mavuno. Kufikia Septemba muwe na seti moja iliyokamilika ya kuonyesha maduka, shule na parokia, ili oda zije mngali na wakati wa kuzitimiza. Msichukue oda ya seti 20 kama uwezo wenu ni 5. Mteja aliyedanganywa Krismasi moja harudi ya pili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanyama gani tunaowajua vizuri kuliko watu wa miji mingine? Ni jambo gani juu yao ambalo mgeni hajui?

2. Nani kati yetu ana mkono wa kuchora? Nani ana jicho la kuona kosa? Je, wote wawili wanasikilizwa?

3. Wazee wetu wanasemaje juu ya wanyama wa koo zetu? Kuna wanaostahili kuchongwa kwa heshima ya pekee?

4. Nani atatunza violezo, na kwa masharti gani vitaazimwa?

5. Tukikata mti mmoja mwaka huu, tutapanda mingapi, na wapi?

Mkutano wenu ujao usianze na hesabu ya faida. Chukueni kamba, rula na daftari, mwende bomani kwa mmoja wenu, mpime ng'ombe mmoja kutoka kwato hadi pembe. Halafu kila mtu amchore bila kutazama, na mlinganishe. Mtacheka, na mtashangaa jinsi mnyama mliyemkamua miaka yote mlikuwa hamjamtazama. Kikundi kitakachomaliza violezo vyake kituletee tuvione, na kikikubali tutakitafutia vikundi vingine vya kufundisha.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.